Masanduku Manne kwa Zamu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua mnacheka. Mimi pia nilicheka siku Daktari aliposikiliza kifua changu kwa mara ya tatu na kuniambia kwamba hakitavumilia tena moshi wa kulehemu. Mkaninunulia saa ya ukutani, kama wanayopewa wazee wa reli, mkanikalisha kwenye kiti chenye mikono na kuniimbia wimbo wa kuagana. Nilikohoa katikati ya ubeti wa pili, na wenye huruma wakadhani ni machozi. Sasa nafundisha hesabu asubuhi, na mchana nina muda. Mmeniomba, ninyi mnaobaki kwenye atelye, karakana ya hospitali yetu hapa Kamina, niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Naandika, lakini kwa sharti: msome mkiwa na shaka. Mkikuta jambo lisilokubaliana na kipimo chenu, aminini kipimo, halafu mkipime na hicho kipimo chenyewe.

Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, sitasema. Hayo mnayazungumza kila siku saa ya kula, na mnayajua kuliko mimi.

Nilifika atelye na diploma ya umeme kutoka chuo kikuu kule Lubumbashi, viatu visivyofaa vumbi la Kamina, na imani moja tu: kwamba jambo lisiloelezeka ni jambo ambalo bado halijachunguzwa. Fundi mkuu alikuwa Papa Kabongo. Kabla ya kuja hospitali alishughulikia ishara na simu za reli. Alikuwa Mmetodisti wa familia ya walimu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu kwa kazi na nyekundu kwa makosa. Aliisoma diploma yangu pande zote mbili, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Weye uko mutoto ya nani?"

Nikamtajia baba yangu, karani, familia ya Kasai, nyumba ya nyuma ya soko.

"Mutoto ya karani. Bon. Basi unajua kusoma na sauti. Ikala."

Nikakaa, nikitegemea anipe bisibisi. Akanipa daftari kubwa lenye jalada lililofunikwa kwa gunia, ambalo mnalijua: kaye ya makosa. Siku yangu ya kwanza yote niliitumia nikimsomea kaye ile kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, yeye akisafisha swichi kwa mswaki. Kila aliyeharibu kitu alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: nilifanya nini, nilifikiri nini, kitu kilifanya nini. Hapakuwa na visingizio, wala "kwa bahati mbaya". Kosa la kwanza lilikuwa lake yeye: aliunganisha batri kinyume akiwa anazungumza na mkwewe.

"Papa," nikamuuliza, "na yenye ilitengenezeka muzuri, munaandikaka wapi?"

"Yenye inatembea, inatembea. Tuandike juu ya nini?"

Sikuridhika. Kazi isiyoandika mafanikio yake itajuaje kwamba imefanikiwa? Niliuliza hilo, na mengine. Juu ya nini waya mwekundu uende kushoto? Juu ya nini tuzime umeme wote badala ya mstari mmoja? Kabla ya Ijumaa nilikuwa nimepata jina: Mademoiselle Juu-ya-Nini, yaani Binti Kwa-Nini. Hadi naondoka, kuna wauguzi waliodhani ndilo jina nililobatizwa.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya maombi. Papa Kabongo alikuwa akizima umeme, anaweka mikono juu ya mfuniko wa sanduku, anafumba macho na kuomba, ndipo anachukua bisibisi. Nilimuuliza kama amewahi kulinganisha masanduku yaliyofunguliwa kwa maombi na yaliyofunguliwa bila maombi. Akafikiri kwa uaminifu.

"Hapana. Ya bila maombi utafungua weye."

Tukafanya hivyo mwaka mzima. Mimi nilipigwa na umeme mara mbili, yeye hata mara moja. Nikamwambia mara mbili si takwimu. Akajibu kwamba ndiyo, ni mara mbili tu. Baadaye nilishika saa na kugundua kwamba maombi yake yalichukua karibu dakika moja na nusu, muda unaotosha kabisa kondansateri kubwa kujimwaga. Kondansateri, kwa mliofika juzi, ni lile kopo dogo linaloweka umeme akiba hata baada ya swichi kuzimwa. Nilimkimbilia na ugunduzi wangu kama aliyeokota dhahabu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na nani alinifundisha kuomba kwa muda ile?" akauliza.

Tangu siku hiyo nami nasubiri dakika moja na nusu, na fanyeni hivyo, mkiomba au msipoomba.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Osiloskopu inayochora mwendo wa umeme, ile yenye doa jeusi pembeni mwa kioo, tuliiita Kaku, yaani bibi, kwa sababu asubuhi ilitaka iachwe ipate joto kabla ya kuulizwa chochote. Kulikuwa na pasi mbili za kulehemu, moja yenye mpini wa mti wa msasa uliochongwa hapahapa. Na kulikuwa na mgongo wa mkono wa Papa Kabongo. Kila jioni kabla ya kufunga alipita akigusa kila waya na kila sanduku kwa mgongo wa mkono. Kwa kiganja kamwe, kwa sababu umeme ukishtua kiganja vidole vinashika, lakini ukishtua mgongo wa mkono, mkono unaruka. Mimi niliita desturi hiyo "kipimo kisicho na namba". Nilisema kwa dharau, na dharau hiyo nitaieleza.

Hospitali inapata umeme kutoka paneli za jua zilizo juu ya paa la wodi ya wazazi. Umeme huo unawekwa kwenye nyumba ya batri nyuma ya jikoni, na kutoka hapo waya mnene mmoja unakuja hadi ubao wa atelye. Batri zinatoa volti arobaini na nane, na hakuna chombo chetu kinachozitaka zote. Kwa hiyo Papa Kabongo nami tulitengeneza masanduku manne ya kushusha umeme, tukayapanga bega kwa bega kwenye ubao ule. Moja la firigo ya damu, la pili la vitanda vya joto vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, la tatu la maabara, la nne la foni, yaani redio tunayozungumzia na vituo vya mbali. Mbele ya yote tuliweka safu ya kondansateri za pamoja.

Ndani ya kila sanduku mna swichi ya elektroniki inayojiwasha na kujizima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kila ikijiwasha inapiga funda moja la umeme kutoka kwenye waya, ikijizima inapumzika, na vilivyo nyuma yake vinalainisha mafunda hayo hadi itoke volti tulivu. Saa ndogo ndani ya sanduku ndiyo inayosema lini kupiga funda. Masanduku manne, saa nne. Tuliziweka sawa kadiri tulivyoweza, lakini hakuna saa mbili zinazolingana, na kila moja inabadilika kidogo sanduku likipata joto.

Firigo haikujali, wala vitanda. Foni ndiyo iliyojali.

Chumba cha foni kilikuwa cha Mama Ngoie. Alikuwa mama mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alishika kipaza sauti kama anavyoshika mtu shingo ya kuku. Saa moja asubuhi alivipigia vituo vyote, na cha mwisho kilikuwa kituo kidogo kilicho mbele ya mji wa Mulongo, ndani ya vinamasi, ambako unafika kwa mtumbwi. Huko alikuwako muuguzi mmoja tu, Mwadi, msichana wa umri wangu. Mtandao wa simu kule ulikuja na kupotea upendavyo. Daktari wa Mwadi alikuwa sauti iliyotoka kwenye foni yetu. Anaeleza mgonjwa, Daktari anajibu, Mwadi anarudi kitandani kwa mgonjwa na kutenda.

Sasa masanduku yote manne yakiwaka, foni ilipiga filimbi. Filimbi ilipanda, ikashuka, ikagawanyika mbili, ikarudi. Sauti ya Mwadi, iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo, ilizama humo ndani.

"Masanduku yako inaimba kupita kwaya," Mama Ngoie aliniambia. "Ila kwaya inaishaka."

Kwa miezi kadhaa tulifanya ujanja. Saa moja kamili tulizima masanduku matatu na kuacha la foni peke yake kwa nusu saa. Akina mama waliwatoa watoto wao kwenye vitanda vya joto na kuwaweka kifuani ndani ya nguo hadi Mama Ngoie amalize. Wiki moja ya baridi, mtoto mmoja alipoa kupita kiasi. Alipona, lakini Daktari alikuja atelye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Sizimi tena vitanda," akasema. "Mwisho wa mwezi, kama filimbi bado iko, foni itafungwa. Nitatafuta namna ingine kwa Mwadi."

"Namna gani?" nikauliza.

Akageuka kurudi wodini. Namna nyingine haikuwepo, naye alijua kwamba najua.

Nilikaa na Kaku siku nne. Niliona kwamba sanduku moja peke yake halikupiga filimbi. Kelele zake zilianguka mahali pamoja pasipobadilika, mbali na masafa ya Mwadi. Filimbi ilizaliwa kati ya masanduku mawili. Saa moja ikienda haraka kidogo kuliko nyingine, tofauti ya mwendo wao ndiyo iliyosikika, na kwa kuwa mwendo ulibadilika kwa joto, filimbi nayo ikapanda na kushuka. Dawa ilikuwa wazi. Saa iwe moja. Vile vidude vinavyotawala swichi vina mguu wa kupokea mapigo kutoka nje, na muda wote tulikuwa tumeuacha mtupu. Nikajenga saa kuu moja, nikavuta waya hadi kwenye masanduku manne, na masanduku yote yakaanza kupiga funda kwa amri moja, wakati mmoja.

Filimbi ikafa. Nawaambia, ikafa kama redio iliyozimwa. Asubuhi iliyofuata, vitanda vikiwaka, sauti ya Mwadi ilikuja kavu na safi, mpaka tukasikia jogoo nyuma yake. Mama Ngoie akanikumbatia hadi miwani yake ikaanguka. Daktari akanipa mkono. Nami nikazunguka hospitali siku mbili nikiwaeleza hata wapishi habari za masafa.

Jioni ya pili Papa Kabongo alipita na mgongo wa mkono wake. Akafika kwenye ubao, akagusa waya mnene, kisha kondansateri za mbele. Akarudi, akagusa tena.

"Hizi zinapata moto."

"Na zamani zilikuwaka na moto, Papa."

"Haikuwa moto ya hivi."

"Ngapi? Digrii ngapi?"

Akautazama mkono wake, kana kwamba ungeweza kuwa umeandikwa namba. "Sijue ngapi. Kupita jana."

"Foni inasikia muzuri ao haisikie?"

"Inasikia."

"Basi."

Hilo "basi" ndilo ninalolijutia kuliko kitu chochote nilichowahi kulisema kazini. Mimi niliyedai kila kitu kipimwe, nilikuwa na osiloskopu mita mbili kutoka pale, na sikuipeleka kwenye waya. Nilikuwa nimepima filimbi. Filimbi ilipoisha, nikaona kazi imeisha.

Siku ya tano, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mama Ngoie, kwa majivuno tu. Mwadi alikuwa hewani. Mama amezaa alfajiri, alisema, mtoto yuko vizuri, lakini kondo la nyuma limekataa kutoka na damu inakwenda. Kumpeleka hospitali ya Mulongo kwa mtumbwi ni nusu siku. "Dokta, nimutie mu mutumbwi ao nifanye hapa? Kutosha kondo inje na mukono niliona tu, sijafanya hata siku moja. Unanisikia? Nifanye nini?"

Daktari, aliyekuwa kando ya Mama Ngoie, alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Kutoka atelye ukasikika mlio kama wa chupa iliyokanyagwa na lori.

Kondansateri moja ilikuwa imepasuka, ikafuatwa na ya pili. Sanduku la foni lilikufa vibaya, likiachia volti zote arobaini na nane zipite hadi ndani ya foni. Fyuzi na kinga tuliyoiweka mlangoni mwake viliungua, na nyuma yake kitu kingine kikaungua pia. Chumba kilinuka samaki. Mama Ngoie aliendelea kubonyeza kitufe na kuita, "Mwadi, Mwadi, unanipata?" hadi Daktari akaushika mkono wake. Mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umezimika tangu wiki iliyotangulia. Hatukuwa na njia nyingine yoyote ya kumfikia.

Sitawaeleza siku tatu zilizofuata kwa urefu. Damu ilihamishiwa kwenye firigo ya mafuta ya taa, watoto wakarudi vifuani kwa mama zao, usiku na mchana. Papa Kabongo aliifungua foni na kuanza kuitengeneza bila kuniambia neno la lawama, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko lawama. Mama Ngoie ndiye aliyesema.

"Ulisema iko sawa."

"Nilisema, Mama."

"Mutoto ya bantu iko anangoja majibu kule."

"Najua, Mama."

"Basi usikae hapa kunijua-jua. Enda kutengeneza."

Asubuhi ileile nilichukua kalamu nyekundu na kuandika kwenye kaye. Mnaweza kuusoma, ni ukurasa wenye alama ya mafuta. Nilifanya: niliunganisha masanduku manne kwenye saa kuu moja. Nilifikiri: filimbi ndiyo ugonjwa wenyewe. Kitu kilifanya: masanduku manne yalipiga funda pamoja, kila mara, bila kukosa, na kondansateri za mbele zilibeba mafunda yote manne kwa mpigo mmoja. Zamani saa zilipokuwa zinapishana ovyo, mafunda nayo yalipishana ovyo, na ovyo ile ndiyo iliyokuwa inazilinda. Nilipoleta utaratibu, nilileta utaratibu mbaya.

Mchana ule niliwasha masanduku matatu yaliyobaki, kwa mzigo mdogo, na hatimaye nikaipeleka Kaku kwenye waya mnene. Kioo kilionyesha kilima kirefu chembamba, halafu tambarare ndefu, halafu kilima. Papa Kabongo aliacha foni, akaja kusimama nyuma yangu. Akanyoosha kidole kwenye tambarare.

"Na hapa katikati, juu ya nini batri iko inalala?"

Nilitazama pale alipoonyesha. Nilikuwa nimetazama kilima tu. Pale katikati hapakuwa na mtu anayechota. Nafasi ilikuwapo tele, na mimi nilikuwa nimewapanga wote wanywe kwa mara moja na kusubiri pamoja. Saa iwe moja, ndiyo, lakini kila sanduku lipewe zamu yake ndani ya mzunguko mmoja: la kwanza lipige funda, robo ya mzunguko ipite, la pili lipige, robo nyingine, la tatu, kisha la nne. Mwendo unabaki uleule, kwa hiyo filimbi hairudi. Lakini waya mnene unaona mafunda madogo yanayofuatana, na kondansateri hazibebi mlima.

Kilichohitajika kilikuwa kidude kimoja cha kuhesabu, ambacho nilikitoa kwenye taa za mapambo zilizoharibika za kanisa la mtaani kwetu. Saa kuu inapiga haraka mara nne, kidude kinahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kila hesabu inakwenda kwenye sanduku lake. Nilichora karatasi ya zamu: firigo moja, vitanda mbili, maabara tatu, foni nne. Papa Kabongo akaikunjia uso.

"Kule reli, tulikuwa bantu bane ya kupiga musumari moja ya chuma. Kila muntu na nyundo yake, kwa zamu. Wenye nguvu babili, hatukuwaweka wafuatane. Huyu apige, kisha mudogo, kisha mwingine mwenye nguvu, kisha mudogo. Kama wakubwa banafuatana, musumari inalala upande moja."

"Juu ya nini inalala?"

"Weye uko na diploma. Minyi niko na musumari."

Nilipiga hesabu, na mzee alikuwa amesema kweli. Firigo na vitanda ndiyo masanduku yanayokunywa sana, na yakikaa kwenye robo zinazotazamana, funda la moja linajaza pengo la jingine. Nikabadilisha: firigo moja, maabara mbili, vitanda tatu, foni nne.

Mambo matatu ya kukumbuka, kwa sababu mtayagusa masanduku haya siku moja. Waya za saa zisokotwe kila mmoja na waya wake wa kurudi, na ziwe fupi; mara ya kwanza niliziacha zining'inie na zikageuka antena. Msiondoe saa ya ndani ya sanduku. Iacheni, lakini iwe ya polepole kidogo kuliko saa kuu, ili saa kuu ikifa kila sanduku lijitegemee bila kuzima. Na msitegemee kwamba funda moja litalifuta jingine kabisa. Yangefutana kama mizigo ingekuwa sawa, na haiko sawa. Maabara ikipumzika, kilima kidogo kinarudi. Mtu akiwaambia amekifuta chote, mwombeni awaonyeshe kwenye Kaku.

Jioni ya tatu, foni na sanduku lake vikiwa vimetengenezwa, tuliwasha vyote kwa mzigo kamili. Kioo kilionyesha mawimbi madogo yaliyobanana, karibu mara nne kwa wingi na mafupi kuliko yale ya zamani. Nilipima kondansateri mpya kwa kipimajoto, nikaandika namba. Halafu nikaweka mgongo wa mkono wangu juu yake, na Papa Kabongo akaweka wake kando yangu, tukangoja saa nzima hivyo tukizungumza habari za bei ya mihogo. Zilibaki vuguvugu tu.

Miaka iliyofuata masanduku yametembea, kwa hiyo kaye haina kitu juu yake na mimi sina la kuongeza. Papa Kabongo alistaafu na kurudi kwao kabla yangu, kama ilivyostahili. Nitamalizia na asubuhi ya nne.

Chumba cha foni kilijaa. Daktari alikuwa amekaa, Papa Kabongo amesimama na kofia mkononi, mimi mlangoni lakini safari hii bila majivuno. Masanduku yote manne yalikuwa yanawaka, watoto wako kwenye vitanda vyao. Mama Ngoie alivuka vituo vyote na kwenda moja kwa moja kwenye cha mwisho.

"Mwadi, Mwadi, huku Kamina. Unanipata?"

Hakuna filimbi. Hakuna kitu. Mvumo mwembamba wa hewa tu. Aliita tena. Mara ya tatu sauti ikaja, karibu mno, kana kwamba iko chumba cha pili.

"Kamina, nawapata. Dokta iko?"

Daktari akachukua kipaza sauti. "Niko, Mwadi. Tuliharibikiwa. Yule mama?"

"Iko hapa. Asubuhi hii amekula bukari. Mutoto ananyonya." Sauti yake ikashuka. "Sikumutia mu mutumbwi, Dokta. Nilinawa, nikaingiza mukono, nikatosha ile kintu polepole, nikamukandamiza tumbo mpaka damu ikasimama. Siku tatu silale. Naangalia yeye, najiuliza. Nilifanya muzuri ao nilifanya mubaya?"

Nilimtazama Daktari. Ni mtu asiyependa kusifu, mnamjua. Alivua miwani.

"Ulifanya ile ndiyo ningekuambia ufanye," akasema. "Yote. Vilevile."

Niliangalia sindano ya foni inayoonyesha mawimbi. Ilikuwa imesimama mahali pake.

"Kamina," ikasema sauti ya Mwadi, "Dokta aseme tena."

"Haikufika?" nikanong'ona. "Mama, mawimbi yako sawa, angalia, hakuna kelele hata..."

"Nyamaza," Mama Ngoie akaniambia, bila ukali. "Amesikia."

Daktari akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, na akasema tena, polepole, neno kwa neno.